Ndimu, Chumvi na Uso wa Kaisari

Nyanya yangu alikuwa akisugua masinia yake ya shaba kila inapokaribia Idi. Tulikaa barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu ilikuwa kukata ndimu na kuchekecha majivu ya jikoni. Ndimu iule uchafu, majivu yang'arishe, na ukiona shaba imerudia rangi ya jua la magharibi basi umemaliza. Mikono yangu iliijua kazi hiyo miaka mingi kabla sijajua kuwa iko shaba ambayo ndimu haitakiwi kuifikia.

Miaka mingi baadaye nilijikuta kaskazini-mashariki mwa Uingereza, nikihudumia wazee zamu ya usiku. Jumamosi moja asubuhi, nikitoka kazini, nilipita sokoni nikasimama kwenye meza ya sarafu kuukuu. Kwenye trei la sarafu za Kirumi palikuwa na moja ya kijani kizito kama majani ya mwembe, ukubwa wake karibu sawa na shilingi ishirini yetu ya Kenya. Upande mmoja kichwa cha mwanamume mwenye ndevu, kimelika. Upande wa pili mtu aliyeketi, na juu yake herufi chache zilizosalia: BRITAN. Muuzaji alitaka pauni 40. Pesa hizo nilikuwa nimeziweka kwa viatu vya baridi. Nikazitoa.

Nyumbani nikafanya nilivyofundishwa. Ndimu, chumvi badala ya majivu, kitambaa. Rangi ya kijani ilitoka kwa urahisi wa kushangaza, nami nikafurahi kama nilivyokuwa nikifurahi barazani. Baada ya robo saa nilikuwa na kipande chekundu chenye vishimo vishimo, kimefanana na ngozi iliyoungua. Ndevu hazikuonekana tena. Herufi zile zilibaki mbili.

Kazini kwetu alikuwako mzee aliyechimba makaa ya mawe ujanani, na tangu siku hizo amekuwa akikusanya sarafu. Usiku uliofuata nikamwonyesha, nikitarajia sifa. Aliisogeza chini ya taa, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema: "Ilikuwa na ngozi. Umeichuna."

Hakunikemea. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto huunguza. Kutu ile ya kijani, alisema, ni shaba yenyewe iliyoungana na hewa na udongo kwa zaidi ya miaka 1,800. Nywele za mfalme, mikunjo ya nguo, miguu ya herufi, vyote huwa vimehamia ndani ya tabaka hilo. Ukilitoa kwa tindikali, unatoa sura. Na chumvi ni mbaya kuliko ndimu, kwa sababu inajificha kwenye vitundu vya shaba ikingoja unyevu, na siku moja utaona unga wa kijani cheupe umechomoza kama upele. Wakusanyaji huuita ugonjwa wa shaba, na sarafu iliyoupata huliwa mpaka iwe vumbi.

Dawa aliyonipa ilihitaji subira tu. Weka sarafu kwenye glasi ya maji yasiyo na chumvi wala madini, yale tunayoyaita kwetu maji ya betri. Badilisha maji kila wiki. Miezi ikipita, chumvi itatoka kidogo kidogo. Kisha ikaushe kabisa, uiweke mahali pakavu. Na kama iko sarafu nyingine yenye udongo, tumia maji hayo hayo na kijiti cha meno, uchokoe chembe moja baada ya nyingine, usiku mmoja kwa herufi moja ikibidi. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa wiki tatu na sarafu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba ili nione kama askari waliosimama juu yake wana bendera mbili au moja. Kwa nini hilo lina maana, nitafika.

Tusisahau hii ilikuwa pesa ya nani. Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma, alipopanga upya sarafu, karibu mwaka 23 kabla ya Kristo, alizipa ngazi: asi 4 za shaba zilifanya sestersi 1, sestersi 4 zilifanya dinari 1 ya fedha. Dhahabu na fedha zililipa majeshi na kununua mashamba. Shaba ilinunua mkate, mboga, na kuingia hamamu. Kwenye kilabu kimoja cha Pompeii, mji wa Kirumi, ukutani paliandikwa kwamba kwa asi moja unapata kinywaji, kwa mbili unapata kilicho bora, na kwa nne unakunywa mvinyo wa Falerno. Hiyo ndiyo asi niliyoichuna kwa ndimu: bei ya gilasi moja ya kinywaji cha chini. Watu hawa hawakuwa na gazeti wala redio. Mfalme alipotaka mchuuzi wa vitunguu ajue jambo, alilipiga kwenye shaba na kumtia mkononi.

Lugha yao ilikuwa na neno moja, aes, kwa shaba nyekundu, shaba ya njano na ile iliyochanganywa na bati. Nami nilizaliwa katika lugha inayosema shaba kwa zote tatu. Siku niliyoligundua hilo nilijisikia nyumbani kidogo katika jambo ambalo hadi hapo lilikuwa la wazee wa Kizungu wenye miwani. Na kuna zaidi. Dinari yetu ya kwenye hadithi ni denarius yao. Sarafu ya shaba iliyoitwa follis, jina ambalo maana yake ya asili ni mfuko, Waarabu walipochukua Shamu na Misri waliiita fals, na wingi wake fulus. Nyanya yangu alikuwa akisema "sina fulusi leo" akiwa na maana mbili, kutegemea kama yuko dukani au kwa mvuvi, kwa kuwa kwetu fulusi ni samaki pia. Maskini hakujua kuwa ile ya dukani imetoka Roma.

Basi mzee akaanza kunifundisha kusoma. Ile sarafu yangu, alisema, ni ya mfalme Antoninus Pius, imepigwa mwaka 154 au 155, na aliyeketi ni Britannia, yaani kisiwa hiki kilichochorwa kama mwanamke. Alinitolea yake iliyo nzima kuliko yangu nione nilichopoteza. Mwanamke ameketi juu ya jiwe, ngao iko pembeni, kichwa amekiegemeza kwenye mkono. Hiyo tama niliijua mara moja, kila aliyekulia pwani anaijua. Mwanamke aliyeshika tama ana msiba au ana deni. Wataalamu wengi huihusisha na vita vilivyotokea kaskazini mwa kisiwa hiki wakati huo. Karibu sarafu zote za aina hii zimeokotwa humu humu Uingereza, maana yake zililetwa kutumiwa na watu wale wale waliochorwa wakiwa wameshindwa. Kisha mwaka 1672 mfalme Charles II akamrudisha mwanamke huyo huyo kwenye sarafu zake za shaba, naye akawa fahari ya nchi. Nilipomaliza kusikia hayo nilikaa kimya. Kwa karne 15 alikuwa mateka, halafu akawa bibi mwenye nyumba.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi kwenda kwenye ukuta wa Hadrian, uliojengwa kwa amri ya mfalme huyo wa Kirumi. Karibu na ngome ya Carrawburgh palikuwa na kisima cha mungu wa kike waliyemwita Coventina. Kilichimbuliwa mwaka 1876, ndani yake zikatoka sarafu zaidi ya 13,000, nyingi mno za shaba, na katika hizo zaidi ya 300 ni hizi za Britannia aliyeshika tama. Baadhi ya vitu vya kisima hicho viko kwenye makumbusho madogo pale Chesters. Nilisimama mbele ya kabati nikiwaza askari na wachuuzi na akina mama walioinama pale juu ya maji. Mfalme amewatumia ujumbe kwamba nchi imeshindwa na imetulia. Wao wakauchukua ujumbe ule wakautumbukiza kisimani, wakaomba mtoto apone au mguu uache kuuma.

Hapo ndipo nilipopata jambo ambalo limenishika mpaka leo. Sarafu ya shaba ina usemi wa pande mbili. Mfalme anasema, kwa picha na herufi. Watu wanajibu, lakini jibu lao halikuandikwa, limo kwenye kulika kwa uso, kwenye tundu lililotobolewa ili ivaliwe shingoni na mtoto, kwenye kukatwa. Ziko sarafu za mji wa Nîmes, Ufaransa ya leo, zenye mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende, fahari ya Augustus kuitwaa Misri, na upande wa pili wa sarafu yuko Augustus na jemadari wake Agrippa wamepeana visogo. Nyingi zimeokotwa zikiwa nusu. Watu walikosa chenji wakazikata kwa patasi, Agrippa huku, Augustus kule. Hakuna aliyewachukia, walitaka tu kununua kitu cha nusu bei. Ndimu yangu ilikuwa imefuta usemi wa pande zote mbili kwa robo saa.

Baada ya kulijua hilo nilianza kuzisikiliza sauti za wafalme kwa makini zaidi, kila mmoja kwa ushahidi wake. Iko moja ya mfalme Nerva, ya mwaka 97, ambayo haina mungu wala askari. Ina nyumbu wawili wanakula majani, na nyuma yao mkokoteni uliofunguliwa. Maandishi yanasema Italia imeondolewa mzigo wa kugharamia usafiri wa barua za serikali. Naipenda kwa utulivu wake, ingawa majimbo mengine yaliendelea kuubeba mzigo huo. Iko pia ya Hadrian, ya mwaka 118, ambapo mtumishi wa serikali amesimama na mwenge akichoma rundo la hati. Pembeni imetajwa hesabu: sestersi milioni 900 za madeni ya zamani kwa hazina, zimefutwa. Mama yangu aliendesha duka dogo, na daftari la madeni lilikuwa kitu kizito kuliko vyote humo ndani. Nilipoiona picha ya sestersi ile niliwaza kila mtaa una mtu ambaye angetoa machozi akipewa chenji yenye habari hiyo.

Na ziko zinazosema uongo. Mwaka 348 wana wa mfalme Constantine walitoa sarafu mpya zenye maneno FEL TEMP REPARATIO, yaani nyakati njema zimerudi. Picha iliyozagaa kuliko zote ni askari wa Kirumi akimchoma mkuki adui anayeanguka na farasi wake. Zimeokotwa kwa maelfu, nami ninazo tisa. Ya kwanza ina uzito wa kama gramu 5. Ya mwisho, iliyopigwa miaka kama kumi baadaye, haifikii nusu ya hapo, na askari amekuwa kijiti chenye kofia. Maneno ni yale yale. Kabla ya hapo, tangu mwaka 330, Constantine alikuwa na sarafu za utukufu wa jeshi, askari wawili na kati yao bendera mbili za kikosi. Ilipofika 335 hivi sarafu ilipunguzwa, nafasi ikawa haitoshi, na askari wale wale wakabaki na bendera moja. Ndiyo maana nilikaa wiki tatu na kijiti cha meno. Anayeuza samaki hakuhitaji kujua kusoma Kilatini. Aliiweka sarafu kiganjani, akahisi ni nyepesi kuliko ya jana, akapandisha bei.

Nimekulia katika nchi ambayo shilingi ilikuwa na kichwa cha rais, Kenyatta, kisha Moi, na watoto tulikua tukidhani pesa bila uso wa mkubwa si pesa. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na mwisho wa 2018 zikatoka sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Nilikuwa nimekwenda likizo nilipoletewa chenji ya simba kwa mara ya kwanza. Nilikaa naye mkononi hadi mwenye duka akaniuliza, "Vipi dada, ni bandia?" Nilikuwa nafikiria jinsi watu wa Stratonicea walivyofanya na sarafu za Geta. Mfalme Caracalla alipomuua Geta, ndugu yake, mwaka 211, aliamuru jina na sura yake vifutwe kila mahali, na katika mji huo wa Asia Ndogo walikwangua uso wa Geta kwenye sarafu za shaba zilizokuwa tayari mikononi mwa watu, wakauacha wa Caracalla karibu yake. Uso uliokwanguliwa unaonekana kuliko uliobaki. Kuondoa nyuso zote kwa sheria, bila damu, naliona ni jambo kubwa ambalo hatulisemi vya kutosha.

Baba yao wawili hao, Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna, katika nchi ya Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Mwafrika aliyetawala Roma, akafa safari ya saa chache kutoka chumba ninachopanga. South Shields, kwenye ngome ya Arbeia, liko jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor, mtu wa taifa la Wamauri wa Afrika Kaskazini, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na mpanda farasi wa kikosi cha Waasturia, watu wa Hispania. Alikuwa na miaka 20. Nimelitembelea mara nne. Nilimwuliza mzee kama ana sarafu yoyote yenye Afrika, akanitolea moja ya Hadrian. Afrika ni mwanamke aliyejilaza, amevaa kichwani ngozi ya ndovu yenye mkonga na pembe zake. Mkono mmoja ameshika nge, mwingine pembe iliyojaa matunda, na miguuni kikapu cha nafaka. Afrika hiyo ni jimbo lililokuwa mahali pa Tunisia ya leo na pembezoni mwake, si bara lote. Jina ndilo lililokua baadaye. Roma ilikula ngano yake. Nilitaka kukasirika, kwa kuwa nimezoea picha za Afrika zilizochorwa na wengine, lakini sikuweza. Nge ni wa kweli, ndovu ni wa kweli, kikapu ni cha kweli. Kinachokosekana ni aliyevuna.

Makosa yangu hayakuishia kwenye ndimu. Nilinunua mtandaoni sestersi ya Nero yenye bandari ya Ostia, meli zimeonekana kutoka juu kama anavyoziona ndege, kwa pauni 120. Niliona picha nikaacha kufikiri. Mzee aliipitisha kidole ukingoni akanionyesha mstari mwembamba uliozunguka. Sarafu ya kweli ilipigwa kwa nyundo: kipande cha shaba kimewekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, pigo moja, metali ikakimbilia nje na mara nyingi ukingo ukapasuka. Yangu ilimiminwa kwenye kalibu, ndiyo maana ilikuwa na mshono, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ungeona vitundu vya mapovu kwenye uso wake. Muuzaji alikuwa ameshafunga ukurasa wake. Tangu siku hiyo naitazama sarafu ukingoni kabla sijamtazama mfalme.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu hasara yake haikuwa yangu. Kwa mwaka mzima nilinunua mafungu ya sarafu zenye udongo, pauni mbili mbili, nikifurahia kijiti changu. Sikuuliza udongo ule umetoka shamba gani. Baadaye nilisoma habari za chungu cha Frome, kilichookotwa Somerset mwaka 2010 na mtu mwenye kifaa cha kutafutia metali. Alipoona sarafu za kwanza aliacha kuchimba, akaita wataalamu. Chungu kilikuwa na sarafu 52,503, karibu zote za shaba na fedha hafifu, kilo kama 160, na kwa kuwa kilitolewa tabaka kwa tabaka, walijua zilimiminwa kwa mpangilio gani, jambo lililowafanya wafikirie uwezekano kwamba zilikuwa sadaka ya watu wengi, na si akiba ya mtu mmoja mwoga. Laiti angefukua zote kwa sepetu na kuziuza mafungu mafungu, wangekuja watu kama mimi kununua pauni mbili mbili, na jibu la wale watu lingepotea. Hapa Uingereza sheria ya 1996 inamtaka anayepata fungu kama hilo aripoti ndani ya siku 14. Nchi nyingi yanakotoka mafungu niliyonunua nazo zina sheria zao, nazo zilivunjwa kabla mzigo haujafika mlangoni kwangu. Niliacha kuyanunua. Nikinunua sasa, ni moja kwa mwaka, yenye karatasi inayosema imetoka kwa nani.

Mzee macho yamefifia sana mwaka huu. Sasa mimi ndiye msomaji. Namwekea sarafu kiganjani, yeye anatafuta kwa kidole gumba, na kabla sijasema neno anataja mfalme, mara nyingi kwa usahihi: shingo nene ya Nero, taji la miale, farasi anayeanguka. Nami namsomea herufi zilizobaki moja moja. Juma lililopita, nikiwa nimechoka na zamu, nilimchanganyia na yangu bila kukusudia, ile ya kwanza, ambayo ina miaka mitatu sasa kwenye maji ya betri, nami huibadilishia maji kila Ijumaa. Kidole kilipita juu yake, kikasimama kwenye vishimo, kikarudi, kikatafuta mwanamke aliyeshika tama.

"Hii ni yako," akasema, akaifunga kwenye ngumi yake, akakaa nayo mpaka ikapata joto.